Samaki wa Bwawa la Kamanda

Jumatatu, 3 Machi

Leo mashine imemtukana mama mkwe wangu. Na mimi ndiye niliyelisoma tusi lenyewe kwa sauti, mbele ya maabara nzima!

Niliandike vizuri nisije nikasahau utamu wake. Tangu Desemba tuna kazi moja: kujua kama kiwanda cha kung'arisha vyuma kinamwaga sumu mtoni. Tunavua perege chini ya bomba la kiwanda, tunawapasua, ini huku, matamvua kule, tunakausha, tunasaga, tunayeyusha kwa asidi, kisha mashine inasema kuna madini gani na kiasi gani. Lakini huwezi kumwita samaki mgonjwa bila kuwa na mzima wa kumlinganisha naye. Na wazima wetu wanatoka wapi? Bwawa la mama mkwe! Wazo langu. Maji ya chemchemi, angavu, ukidondosha sindano unaiona. Isitoshe, nilikuwa natafuta kupendwa.

Humu namwita Kamanda. Usoni namwita Mama, tena kwa sauti nyembamba.

Basi majibu yametoka. Samaki wa mtoni wana kromiamu, kama tulivyotarajia. Lakini risasi, ile metali nzito yenye sumu — risasi imejaa kwa wale wazima! Ya perege wa Kamanda inaizidi ile ya mtoni mara nne. Mkuu wa maabara, Bwana Desimali (hata umri wa wanawe anautaja na nukta), alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasema nimeosha vyombo vibaya.

Mimi nilikimbilia chooni kucheka. Jamani, miezi mitatu Kamanda ananiimbia kwamba samaki wake ndio kipimo cha wenzao! Anasema hivyo sokoni, msibani, popote. Ameshaagiza kibao: SAMAKI WA KIPIMO. Jumamosi ya wiki ijayo anaanza kuuza.

Nilicheka mpaka nikakumbuka wifi. Wifi yangu amerudi kwa mama yake kusubiri kujifungua, mimba ya kwanza, na Kamanda anamlisha samaki kila mchana. Tena kichwa! Ati mtoto azaliwe na akili. Kicheko kikaniisha palepale, mkono ukiwa bado kwenye bomba.


Jumanne, 4 Machi

Tumerudia. Vyombo nimeosha mwenyewe, kwa asidi, kwa maji safi, kwa hasira. Majibu yaleyale.

Desimali sasa anasema nimechanganya lebo. Mimi! Nimefanya kazi hii tangu yeye ana nywele. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba perege wa mtoni ananuka rangi na wa bwawani ananuka tope, hata paka angewatenganisha. Akasema paka hasaini ripoti.

Nikasoma tena karatasi. Nyama ya kawaida ina risasi kidogo. Ini lina zaidi. Matamvua na mifupa ya kichwa ndiyo kabisa, hapo sumu imejenga nyumba na kuhamia. Na Kamanda, kwa mapenzi yake yote, kamchagulia bintiye kipande hichohicho. Risasi ikiingia kwa mama inampita, inamfuata mtoto tumboni, inakwenda kukaa kichwani mwake. Akili anayoitafuta Kamanda ndiyo hiyo inayoliwa.

Mume wangu nimemwambia usiku huu wakati wa kula. Alicheka sana (tumeoana kwa sababu fulani). Kisha akaweka kijiko chini, akasema haya, nani atamwambia Mama? Nikamtazama. Akagundua ghafla kwamba chumvi imekwisha, akaenda dukani. Chumvi ilikuwa mezani.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ukweni baada ya kazi kumchukua Chiriku. Binti yangu hushinda kwa bibi yake kila akitoka shule, na ndiko alikojifunza kuongea bila kuvuta pumzi. Leo nilikuwa na mbinu zangu mfukoni.

Mbinu ya kwanza. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayejiongelea tu, kwamba kuna madaktari wanashauri wajawazito wapumzike kula samaki kidogo. Kamanda akauliza hao madaktari wamezaa wangapi. Mbinu ikafa.

Mbinu ya pili. Nikasema maabara inahitaji vichwa. Vyote! Kamanda uso ukachanua. Akaingia jikoni kwa mwendo wa mtu aliyeitwa jukwaani, akanifungia vichwa kwenye jani, vikubwa vikubwa. Nikashukuru mpaka magoti yakauma. Nageuka, naona kimoja kimebaki kwenye bakuli. Hicho ni cha mgonjwa wangu, akasema, serikali nayo isiwe na tamaa.

Mbinu ya tatu. Nikateremka bwawani na chupa ya juisi ya Chiriku kuchota maji ya kupima. Kamanda akanikuta nimechuchumaa. Unafanya nini? Nikasema nina kiu. Huko nyumbani kwenu, akasema, hamna bilauri?

Wifi alikuwa barazani, miguu juu ya stuli, anatingishika kwa kicheko. Huyu wifi nampenda, ila siku nyingine natamani kumfinya.

Chiriku amekataa chakula cha jioni. Ameshiba maandazi kwa bibi, anasema, kama kawaida.


Ijumaa, 7 Machi

Nimejua! Lo, kikulacho ki nguoni mwako.

Jana nilipima maji niliyochota. Yana risasi, lakini si nyingi kama nilivyodhani; basi inaletwa kidogo kidogo kutoka juu. Kwa hiyo leo nikaomba ruhusa mapema, nikaenda ukweni wakati Kamanda yuko kwenye kikundi chake cha akina mama, nikaufuata mfereji unaotoka chemchemini kuja bwawani. Napita migomba, napita banda la kuku, nasikia harufu. Si ya kuku. Harufu ya gereji.

Nyuma ya banda, baba mkwe! Amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kikaango juu yake, ndani ya kikaango uji wa kijivu unang'aa. Pembeni betri kuukuu za magari, zimepasuliwa matumbo.

Baba mkwe alikuwa fundi umeme wa magari. Alipostaafu, gereji ikafa, betri mbovu akarudi nazo nyumbani kwa sababu yeye hajawahi kutupa kitu katika maisha yake. Mtu mpole, haongei. Leo aliongea! Akanionyesha: unapasua betri, unatoa zile sahani za ndani, unazisuuza, unaziyeyusha, unamimina kwenye tundu la udongo, na ukipoa umepata vizito vya nyavu. Amewatengenezea wavuvi wote wa huku. Wanamsifu. Vizito vyangu, mwanangu, havizungukizunguki majini, vinakwenda chini moja kwa moja!

Nikauliza, Baba, hizo sahani unazisuuzia wapi?

Akanyosha kidole. Mferejini.

Nilikaa chini, kwenye kinyesi cha kuku, na sketi ya kazini.

Nikamweleza yote, polepole. Kwamba zile sahani ni risasi. Kwamba maji yanaibeba, tope linaipokea, wadudu wa topeni wanaila, samaki anawala wadudu, na mkewe anampa bintiye kichwa cha samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazima jiko. Akanawa mikono — mferejini! — akakumbuka, akaitoa mbio akaifuta kwenye suruali. Kisha akasema maneno matatu tu: usimwambie mama yenu.

Nikasema Baba, lazima. Akasema ngoja. Akafikiri. Akapendekeza tulipasue bwawa alfajiri, samaki waende zao, tuseme mvua. Nikamwambia, kwanza haijanyesha. Pili, sumu yote itateremka mtoni, na wiki ijayo nitaikuta kwenye perege wangu, kiwanda kishitakiwe kwa dhambi ya baba mkwe wangu. Akasema kwani kile kiwanda si kina dhambi? Nikasema kina, lakini yake kinayo ya kutosha.

Tukaanza kucheka, wote wawili, pale nyuma ya banda kama watoto walioiba sukari. Halafu nikamwona anafuta macho, na si kwa kicheko.


Jumapili, 9 Machi

Chama cha wala njama kimefanya kikao cha kwanza. Wajumbe: mimi na baba mkwe. Mahali: chini ya kamba ya nguo, tukijifanya tunakunja mashuka.

Tumekubaliana haya. Betri zote tumezifunga kwenye maturubai, nitatafuta wanaozikusanya kihalali. Kikaango kimezikwa — Kamanda anakitafuta tangu jana, anamshuku jirani. Maji ya mfereji tumeyageuza yaingie shimoni badala ya bwawani. Baba mkwe atasema anatengeneza kingo. Na kumwambia Kamanda, yeye mwenyewe atasema. Atapata wakati mzuri.

Nikamuuliza, katika miaka yote hii ya ndoa, umewahi kumpata huo wakati mzuri? Akasema mara moja, alipopeleka posa, naye alijibiwa na shangazi.

Mchana samaki wakaletwa mezani. Baba mkwe akashika shavu, jino! Haliwezi kutafuna. Mume wangu akasema tumbo. Mimi nikasema nimefunga. Kamanda akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu aliyenusa sigara darasani. Kwa hiyo nimepika kwa ajili ya paka? Wifi akachukua sahani yake yenye kichwa, akasema yeye atakula chumbani, mgongo unauma. Nikamfuata nimzuie, Kamanda akaniita nioshe vyombo. Niliosha huku roho inanitoka.

Nimechoka na vichekesho. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu: ikipita Jumamosi bila kusemwa, nasema mimi, hata kama ataniita mchawi.


Jumatano, 12 Machi

Nimempelekea Desimali tope la mferejini. Akalipima mwenyewe, mlango umefungwa. Alipotoka hakusema kitu juu ya lebo. Akasema ripoti lazima iandikwe, samaki wa kulinganishia watafutwe kwingine, na mwenye bwawa aarifiwe rasmi. Nani mwenye bwawa?

Nikasema mama mkwe wangu.

Akavua miwani. Akasema pole sana. Bila nukta hata moja.

Kisha akaniambia kitu kilichonikera kwa sababu ni cha kweli: kwamba kama bwawa lingekuwa la mtu baki, ningekuwa nimemwambia tangu Jumatatu ile. Anayekula samaki wa mtu baki ningemkimbilia barabarani na viatu mkononi. Wa kwetu namkunjia mashuka.

Kamanda amepita mchana kazini kwetu — kazini! — kuomba muhuri wa maabara kwenye kibao chake. Nilijificha nyuma ya oveni. Mlinzi akamwambia muhuri umesafiri. Huyo mlinzi nitamnunulia soda.


Jumamosi, 15 Machi

Niandike yote, kwa mpangilio.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Kibao kimesimamishwa langoni. Kamanda kavaa kama anakwenda kuozesha. Wateja waje saa nane, kwanza sisi familia tule.

Nilifika mapema nikamvuta wifi jikoni, nikafunga mlango. Nikasema yote kwa pumzi moja: betri, mfereji, risasi, vichwa, mtoto. Nikamwomba msamaha kwamba nimechelewa. Nikamwambia twende hospitali Jumatatu, wampime damu.

Wifi akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Akacheka! Akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Wifi yangu, akasema, mimi na samaki? Tangu mimba hii iingie, harufu tu inanitapisha. Sijala hata kimoja. Naogopa kumwambia Mama, ataniimbia akili ya mtoto mpaka nijifungue. Nabeba sahani chumbani, nafunga mlango, basi.

Jamani! Nilimkumbatia, nikambusu paji la uso, nikacheza pale katikati ya masufuria. Mzigo wa siku zote hizi ukanitoka mabegani, nikajiona mwepesi. Kamanda kashindwa na binti yake mwenyewe, na sumu imebaki na njaa! Nikamwambia wewe ni shetani. Akasema nimefundishwa na wewe.

Ndipo nikauliza, kwa kuuliza tu, nikijifuta machozi ya kicheko: sasa vichwa vyote hivyo ulikuwa unavitupa wapi?

Wifi bado anacheka. Sivitupi, akasema, dhambi. Anakula Chiriku. Anajipenyeza chumbani akitoka shule, tunafunga mlango. Umewahi kumwona anavyovinyonya? Hadi matamvua! Ni siri yetu mimi na ye—

Akasikia alichokuwa anasema.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka baraza. Chiriku yuko mapajani kwa Kamanda, leo hajifichi, leo sherehe, kichwa cha perege kwenye vidole vyake vidogo na mchuzi unateremka mpaka kiwikoni. Anamweleza bibi yake habari za shule, mdomo umejaa. Nilimpokonya. Nilikitupa kile kichwa mbali kabisa. Mwanangu akalia kwa mshangao, maana mama yake hajawahi kumpokonya chakula. Kamanda akasimama, una wazimu wewe?

Nikasema. Sikusema kwa sauti nyembamba. Nilisema bwawa lako lina sumu, Mama, nimejua tangu wiki iliyopita, nikawa nacheza.

Kamanda akafungua mdomo kunijibu. Baba mkwe akamtangulia. Ni mimi, akasema. Si yeye. Betri. Nasuuzia mferejini. Akasema yote, sentensi fupi fupi, amesimama wima, jino halimuumi tena.

Nilijiandaa kwa radi. Haikupiga. Kamanda alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akamtazama wifi ambaye alikuwa amejishika mlangoni. Kisha akamtazama Chiriku. Akauliza kwa sauti ambayo sikuijua, kama ya mtu aliyelala:

“Amekula vingapi huyu?”

Wifi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akalia.

Kamanda akamimina sahani zote kwenye ndoo, moja baada ya nyingine, akaifunika. Akaenda langoni. Wateja walikuwa wameanza kufika. Nilimsikia anawaambia kwamba leo hauzi, kesho hauzi, na samaki wake wasiliwe na mtu, wana sumu. Akawaambia yeye mwenyewe! Hakumtaja mzee, hakunitaja mimi.


Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda namwangalia Chiriku kama saa ya ukutani. Amesahau neno moja akiongea — moyo ukaruka. Amejikwaa — ukaruka tena. Amesema tumbo linamuuma, nikamuuliza maswali mpaka akasema basi haliumi. Kabla ya jana mambo haya yote yalikuwa utoto tu. Nataka yarudi kuwa utoto.

Najua mno. Ndiyo shida. Mume wangu anauliza na mimi najibu kama kitabu: huenda ni kidogo, mwili unapunguza wenyewe, kuna dawa kama imezidi. Sijamsomea ukurasa wa pili.

Wifi amenitumia ujumbe tangu asubuhi, mrefu, wa kuomba radhi. Nimejibu: njoo ule kwangu, napika maharage. Nimemkasirikia? Kidogo. Nimejikasirikia zaidi. Yeye alificha samaki ambao mdomo wake unawakataa. Mimi nilificha nilichokuwa nimekisoma kwenye karatasi.


Jumatatu, 17 Machi

Hospitali. Benchi la mbao, ukuta wa kijani, mbele yetu bango la kunawa mikono. Naandika ili vidole viwe na kazi.

Tumekuja jeshi zima. Mume wangu anazunguka uwanjani. Baba mkwe amekaa mwisho wa benchi, mikono kati ya magoti. Naye atapimwa, wamesema yeye ndiye wa kupimwa kwanza kabisa kwa moshi aliouvuta, na amekubali bila neno. Wifi anamsuka Chiriku nywele ambazo hazihitaji kusukwa.

Na Kamanda. Kaja na lile gauni la ufunguzi. Hajanisemesha tangu Jumamosi, nami sijamsemesha. Njiani alimshika Chiriku mkono, kisha akauachia, kisha akamshika tena.

Chiriku anataka kujua kama sindano ni ndefu kama mwiba wa perege. Akajibu mwenyewe: fupi.

Muuguzi ameita jina. Chiriku ameng'ang'ania mguu wa benchi. Kelele! Kamanda akanyanyuka, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaenda mbele ya watu wote akasema mtoboe mimi kwanza, mtoto aone. Muuguzi akasema Bibi, foleni. Akasema foleni gani, mimi nimekula tangu bwawa lichimbwe. Akatobolewa. Macho yakamjaa maji.

Chiriku: “Bibi, inauma?”

“Haiumi.”

“Mbona unalia?”

“Nalia kwa sababu haiumi.”

Hapo Chiriku akacheka. Ameachia benchi. Amekwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti, ananyosha mkono, mwembamba, Mungu wangu, na mishipa yake haionekani hata kidogo. Muuguzi anasema mtu mmoja ampakate, amshike vizuri asicheze.

Nimeinuka nusu. Kamanda yuko karibu zaidi, pamba bado iko mkononi mwake. Hajamgusa. Amegeuka kwangu. Miaka yote, katika nyumba ile, mwanamke huyu hajawahi kuniuliza kitu bila kuwa na jibu lake tayari.

“Mwanangu,” ananiambia, “nimpakate mimi?”

Muuguzi anasubiri. Chiriku ananiangalia, mkono hewani. Daftari liko mapajani mwangu na mimi bado naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nimjib—